Kwale Wawili kutoka Ndera

Kabeza, Ijumaa, baada ya alasiri

Zuhura mwanangu,

Amani ya Mungu iwe nawe njia nzima mpaka Mwanza, na huko Mwanza kwenyewe ikukute imeshatandika mkeka. Mama yako amefunga sanduku lako mara tatu na kulifungua mara tatu, na kila likifunguliwa anaongeza agizo. Habari za mume, za mawifi, za chumvi na za kuchemsha maji zote umeambiwa, tena na watu wanaozijua kuliko mimi. Sizirudii. Ninaandika kwa sababu mdomo wangu ni mwepesi kwa wateja na mzito kwa watoto wangu, na liko jambo ambalo lazima ulijue kabla ya kesho asubuhi.

Nimekaa dukani, mlango nimeurudisha nusu, cherehani nimeifunika. Nawasikia wanawake huko uani wanavyoimba na kukupaka hina, na sauti ya Bi Mwanahawa, shangazi ya mumeo, iko juu ya sauti zote. Hapa mbele ya kizingiti, ndege wa mama yako anatembea kwenye mchanga. Nataka kukuandikia habari za ndege na mbwa. Cheka, una haki. Baba mwingine angekuandikia habari za dunia.

Ndege huyu umemzoea hata humwoni: yule mdogo mweusi na mweupe, anayekimbia hatua tano, akasimama, akatikisa mkia kama mtu aliyesahau alichokifuata dukani. Mama yako humwita inyamanza. Kwa watu wa ukoo wake, Wagesera, ndege huyo haguswi, na nyumba mpya haihesabiwi kuwa nyumba mpaka yeye atue uani. Tulipohamia hapa kutoka Biryogo, mama yako alikuwa na mimba yako. Alikataa kuwasha jiko, anasubiri ndege. Mimi nilikuwa na njaa. Nikamwambia kwetu nyumba hufunguliwa kwa dua na ubani, si kwa mkia wa ndege. Alikaa kizingitini mpaka saa kumi, inyamanza akatua juu ya rundo la matofali, naye akainuka akaenda kupika. Nilimcheka wiki nzima. Leo hii, kila asubuhi nikifungua duka, namtafuta ndege huyo kwanza ndipo nitafute mkasi. Asipokuwepo siku yangu haikai vizuri. Usimwambie mama yako.

Habari za upande wangu unazijua kwa moyo, kwa maana nilikulisha pamoja na uji. Unamjua babu yangu aliyetoka pwani na mizigo ya nguo, akaoa Ujiji, akafika hapa akiwa na sindano na msahafu. Unaijua kofia yake iliyomo kabatini. Bibi yangu wa Ujiji alizoea kusema mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nililichukua neno hilo nikawa nalisema nikinyoosha kidole kuelekea mashariki, huko mbali. Sikuwahi kukigeuza kidole kielekee Ndera, ambako ni mwendo wa asubuhi moja tu kutoka hapa nilipokaa.

Ndera nilikwenda kwa kazi. Nilikuwa kijana, siku za soko nabeba cherehani ya mkono kichwani, nakaa kando ya wauza viazi, nashona viraka. Nilipowaambia rafiki zangu wa Biryogo kwamba nimepata mchumba Ndera, waliniuliza kama amekwisha ruhusiwa na daktari. Unaujua mji huu: ukitaja Ndera watu wanagusa vichwa, kwa ajili ya ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Nilicheka nao. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na kwa kuwa lilikuwa dogo sikuliona.

Sogokuru wako, babu yako mzaa mama, Mzee Sebera, alikuwa mwindaji, na baba yake vilevile. Alikuwa na mbwa wanne, wembamba, rangi ya udongo mkavu, masikio wima, mikia imejikunja mgongoni. Mbwa wale hawabweki. Wanaguna tu, au wanalia kidogo kama wanaongea peke yao. Ndiyo maana kila mmoja huvishwa kengele shingoni, mwindaji ajue mbwa wake yuko wapi ndani ya majani marefu. Lakini wakiwa njiani kengele hujazwa nyasi isilie, mnyama asije akashtuka. Wakifika penyewe mwindaji hupiga goti, anachomoa zile nyasi, mbwa mmoja mmoja, anamtajia jina lake sikioni, anamwachia. Niliyaona hayo mara moja, asubuhi ya umande, kengele nne zikishuka bondeni, kila moja na mlio wake. Yalikuwa mazuri sana. Sikumwambia mtu.

Siku ya kwanza kufika kwa mzee, mbwa mmoja aitwaye Gaju alinilamba mkono. Nilikuwa nimetawadha. Niliruka nikakanyaga mtama ulioanikwa, watu wote wakacheka ila mzee. Nilipokwenda mara ya pili nilikuta mtungi wa maji mlangoni, na pembeni yake udongo safi juu ya jani la mgomba. Mzee alikuwa ameuliza sokoni, kwa muuza chumvi Mwislamu, jinsi sisi tunavyojitakasa na mate ya mbwa. Akaambiwa kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Aliniambia kwa Kiswahili chake, kile cha kuokota sokoni:

“Mukwe yangu, mbwa iko na ulimi, siwezi kuufunga. Maji iko hapa, udongo iko hapa. Wewe nawa, halafu tukae.”

Basi kila nilipokwenda mtungi ulikuwepo. Kibuyu cha pombe ya ndizi kilikuwa kimekwisha ondolewa, kimewekwa nyuma ya nyumba nisikione. Nyama hawakunitengea, walinipa maharage na maziwa. Yule mzee alijifunza ya kwetu yote, moja moja, kwa kuuliza watu. Mimi sikumwuliza hata siku moja ya kwao ni yapi.

Sasa nakuja kwenye kosa lenyewe. Nimelizunguka vya kutosha.

Ulipotimiza siku saba tulichinja akika hapa nyumbani. Walikuja wazee wa Biryogo, wenye kanzu nilizozishona mwenyewe, watu ambao nilitamani wanione kuwa mwenzao mwenye nasaba. Tulikuwa ndani tunasoma dua nilipochungulia nikamwona Mzee Sebera anakuja na kikapu kichwani, mkuki mkononi, na Gaju nyuma yake. Alikuwa ametoka Ndera alfajiri, kwa miguu. Nilitoka mbio nikamkuta pale anapotembea huyu inyamanza sasa. Akashusha kikapu akakifunua. Mlikuwa na kwale wawili wanene, miguu imefungwa kwa uzi wa mgomba, wazima kabisa. Nilijua maana yake bila kuambiwa. Alijua nyama aliyoiua mbwa mimi siili, kwa hiyo aliwavizia wale ndege kwa wavu na kumzuia mbwa wake asiwang'ate, ili anifikishie wakiwa hai, nichinje kwa mkono wangu na kwa jina la Mungu wangu.

Mimi niliona mkuki, niliona mbwa, niliona magoti yenye matope, na nyuma yangu nilisikia wazee wanasogeza viti watazame. Nikamwambia, “Mzee, hawa wameguswa na mbwa. Kwetu ni haramu.”

“Wako hai,” akasema. “Gaju nilimushika mudomo. Kisu ni yako.”

Niliwaona wako hai. Walikuwa wananipepesea macho. Nikarudia neno haramu, safari hii kwa sauti, ili wa ndani wasikie kwamba mwenye nyumba anaijua dini yake. Halafu nikamwonyesha njia ya kuzungukia uani, kule walikokaa wapishi.

Hakwenda uani. Alifunika kikapu taratibu akakiacha chini. Akaomba akuone. Nikamwambia umelala. Hukuwa umelala, Zuhura. Ulikuwa unalia, na sisi wote wawili tulikuwa tunakusikia.

Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Alipofika barabarani alipiga goti kando ya Gaju, akachomoa nyasi kwenye kengele. Hapo ndipo nilipogundua kwamba alikuwa ameijaza njia nzima kutoka Ndera, watu wa Kabeza wasije wakasikia kwamba mkwe wa fundi ni mwindaji. Aliinuka, wakaenda zao, na kengele ikalia mpaka walipokata kona ya kuelekea Kanombe. Mama yako aliisikia akiwa kitandani. Anaijua kengele ya kila mbwa wa baba yake. Nilipoingia aliniulizia baba yake kwa jina la kwao, “Data yuko hapa?” Nikamjibu, “Amepita tu.” Akageuka ukutani akakunyonyesha.

Wale ndege niliwafungulia nyuma ya nyumba. Mmoja aliruka. Mwingine miguu ilikuwa imekufa ganzi, akajikokota mpaka kwenye mtama wa jirani.

Miezi ilipita, moyo ukanichoma, nikaenda kumwuliza mzee mmoja wa Biryogo aliyesoma vitabu. Nilijifanya nauliza kwa niaba ya mtu mwingine. Akanitazama juu ya miwani akasema mnyama akikufikia mzima, ukamchinja mwenyewe ukimtaja Mungu, ni halali yako hata kama amekimbizwa na mbwa mia. Akaongeza kwamba huyo mtu wangu angeulizwa anafuata dini gani. Nilitoka pale masikio yanawaka. Nilikuwa nimeitumia dini kufunika aibu, na dini haikushonwa kwa kazi hiyo.

Ungedhani nilikwenda Ndera kesho yake. Nilisema nitakwenda mwezi ujao. Mwanangu, mwezi ujao ni mrefu. Ukikosana na mumeo, au na wifi, au na jirani wa Mwanza, kosa likawa lako, nenda ungali na mafuta ya kupikia mikononi. Ukisubiri upate maneno mazuri utasubiri mpaka wewe mwenyewe usahau ulikosa nini, ukumbuke tu kwamba wao hawaji kwako. Ndivyo nilivyofika mahali pa kusema, mbele ya mama yako, kwamba watu wa Ndera wana kiburi, hawatutembelei.

Ulipokuwa mdogo mama yako alikupeleka huko mara mbili kwa mwaka. Sikuzuia, wala sikuuliza mlichofanya. Ulikuwa na miaka sita hivi uliporudi siku moja ukaingia hapa dukani mbio, wateja wamejaa, ukasimama katikati, ukaweka viganja mdomoni ukaita sauti ya kwale wa alfajiri. Ulifundishwa na sogokuru. Uliiita vizuri mno hata mteja mmoja akatazama juu ya kabati. Nami nikakwambia, “Acha ushenzi.” Uliacha katikati ya sauti. Uso wako ulivyokuwa siku ile ninao mpaka leo. Wanaume hatuzoei kuandika maneno haya, lakini hakuna kitu nimekitamani miaka yote hii kama kukusikia ukimalizia sauti ile, na sijawahi kukuomba. Ulipofika miaka kumi ulikataa kwenda Ndera. Ulisema kuna matope na mbwa wanalamba. Mama yako alikwenda peke yake tangu siku hiyo, na mimi nilifurahi, nikadhani umekua.

Kwa hiyo usidhani nakulaumu kwa lile la mwezi uliopita. Nalitaja kwa sababu sote watatu tumelipita kwa kunyata tangu litokee. Bi Mwanahawa amekuja na posa, amekaa pale kwenye kiti chenye kitambaa cha maua, anauliza ukoo kwa ile adabu ya kwao, taratibu, akipita mlango hadi mlango. Akauliza, na babu mzaa mama? Ukainamisha macho ukasema, “Alishafariki.” Mama yako alikuwa ameshika sinia la mandazi. Aliliweka mezani, akalinyoosha likae sawa, akatoka nje. Mimi nilifungua mdomo, nikanywa chai.

Ule haukuwa uongo wako. Mimi ndiye niliyekukatia na kukushonea tangu siku yako ya saba, na siku ile uliuvaa tu, ukakukaa sawasawa. Wewe ulidhani unatutunzia heshima.

Tena najua tunaishi wakati gani. Huu ni mwaka wa tatu wa vita, na kutoka hapa mpaka njia panda ya Sonatubes tu mtu anaweza kusimamishwa na askari akadaiwa kitambulisho, aulizwe yeye ni mtoto wa nani, na jibu ndilo linampitisha au linamrudisha. Watu wazima wanajifunza kumficha mjomba, kumficha shemeji, kusahau kilima walikozaliwa. Hofu imo ndani ya kila jibu siku hizi, na yangu iko humo pia. Ndiyo sababu tulikubali uolewe haraka na uende ungali njia iko wazi. Nilitaka kukupeleka mahali ambapo utaulizwa wewe ni nani ili upikiwe chai tu. Lakini nikilala naona kwamba mimi nilikuwa nimeanza kazi hii ya kuficha watu kabla vita havijaja, wakati ambapo hakuna aliyenishikia bunduki.

Na huko uendako utaulizwa sana. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Watacheka r yako na l yako, watacheka namna unavyosema iko kwa kila kitu, watakuuliza kama Rwanda kuna samaki. Ndege wao ni wengine, wa ziwani, na kelele zao zitakuamsha alfajiri ukadhani ni hapa, halafu ukumbuke. Nakujua, utatamani kujifanya wa huko kuanzia siku ya tatu. Mimi nimejifanya mtu wa pwani miaka hamsini na pwani sijapata kuiona. Inachosha, mwanangu. Unakaa kila siku umekaza tumbo.

Jumanne iliyopita nilikwambieni nakwenda mjini kutafuta vifungo. Nilikwenda Ndera. Nilipanda pikapu mpaka njia inapogawanyika, kisha nikashika kilima kwa miguu. Bondeni kwenye majani ya maji walikuwapo misambi wawili, wale korongo wenye taji, wanatembea pamoja kwa madaha yao. Nilikaa nikawatazama kwa kisingizio cha goti langu. Kwarara walipita juu wakipiga makelele yao, wale ambao mama yako huwaita nyirabarazana. Ndege wa kijijini hawana haya, wanasema kila wanachojua. Nilikaa pale mpaka nikaona haya mwenyewe, nikainuka.

Mzee alikuwa nje kwenye gogo. Macho yote mawili yameingia ukungu, anaona vitu vikubwa na rangi, nyuso hazioni tena. Mbwa amebaki mmoja, mjukuu wa Gaju, naye mzee. Tangu vita vianze wakuu wa huko walikataza watu kutembea porini na mikuki na mbwa, wasije wakadhaniwa waasi, na mbwa wa uwindaji asiyewinda hadumu. Nilibisha hodi. Akageuza kichwa akasema, “Ni fundi.” Kisha akamwita mke wa mjomba wako, akamwambia kitu kwa sauti ndogo. Yule mama akaleta mtungi wa maji, na udongo juu ya jani.

Mbwa hakuwa amenigusa. Nilinawa mara saba. Nilikuwa nalia na maji yalinisaidia kuficha, ingawa kwa mtu asiyeona sikuwa na haja.

Nikamwambia habari za wale kwale. Nilimwambia kwamba hawakuwa haramu, kwamba nilikuja kuuliza baadaye nikaambiwa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Akaniacha nimalize. Akasema, “Mimi najua. Niliuliza mbele ya kuja. Ule wa chumvi alinambia ni halali.”

Zuhura, alijua siku ileile. Alisimama pale mlangoni kwangu akanisikia namsingizia Mungu, akijua. Nikamwuliza kwa nini hakunijibu. Akafikiri kidogo. “Mutu akisema Mungu yake imekataa,” akasema, “mimi nitabishana na Mungu ya mutu?”

Tulikaa. Baadaye nikamwambia umeolewa na unaondoka Jumamosi. Hakuwa na habari. Mama yako hakuwa amemwambia, na nadhani unajua kwa nini: angemwambia umeolewa, angeulizwa mbona hakuitwa. Mzee alimkuna mbwa shingoni. Kisha akauliza mtapita njia gani. Nikamwambia mtakwenda kwa lori, mshike barabara ya Kayonza mpaka Rusumo, kwa hiyo mtapita hapo chini penye njia ya kupanda Ndera. Akauliza saa. Akauliza lori lina rangi gani, nikamwambia kichwa ni chekundu na turubai ni la kijani. Akauliza itakuwa vizuri akae upande gani wa barabara. Sikuelewa. Akanifafanulia:

“Nitakaa upande ile wageni haitaniona. Mimi nitaangaria gari tu. Mukono siinui.”

Sikumwambia ulichosema kwenye posa. Sidhani alihitaji kuambiwa.

Nimeishi na maneno yale siku tatu. Nimeharibu kanzu mbili. Leo baada ya sala ya Ijumaa nilimwomba Bi Mwanahawa tuzungumze, nikamwambia yote. Nilisema babu yake Zuhura yu hai, ni mwindaji, anakaa Ndera, ana mbwa ndani ya ua, na aliyemuua kwa maneno ni mimi, mtoto alinifuata tu. Nilisubiri uso wake ubadilike. Nimeuogopa uso huo, au nyuso za namna hiyo, tangu nilipoanza kushika sindano.

Ulibadilika kweli. “Fundi,” akasema, “tumekula harusi, tumecheza, tunamchukua mtoto wa watu, na mzee wake yuko hapo jirani hatujampa shikamoo? Mmetuvunjia adabu sisi.” Alikasirika hasa. Alinihutubia pale msikitini mpaka watu wakageuka. Halafu akauliza mzee kama huyo anapelekewa nini, shuka au sukari, na kama mbwa wanauma. Nikamwambia wanalamba. Akasema maji yapo. Kwa nyuso za namna hiyo nilimfukuza baba wa mke wangu mlangoni.

Basi kesho lori litasimama hapo chini ya Ndera. Dereva anajua. Mama yako bado hajui. Nitamwambia nikishakupa barua hii mkononi, maana nataka nione uso wake nikiwa peke yangu. Atapanda pamoja nanyi mpaka hapo, na mimi pia, na mkishaondoka tutapanda kilima kwa miguu, yeye na mimi, mara ya kwanza pamoja tangu uzaliwe. Mkitutoka tutakuwa na mahali pa kwenda. Nyumba hii kesho jioni siitaki.

Sikulazimishi. Ukitaka kubaki ndani ya lori, Bi Mwanahawa atakuwa na hasira na mimi nitakuelewa. Ila ukikubali nina ombi moja, na ndilo lililonikalisha hapa. Bi Mwanahawa atataka kushuka wa kwanza, kwa ajili ya ukubwa wake na kwa ajili ya ile shuka. Usimpishe. Shuka wewe kwanza. Itabidi mvuke barabara, kwa sababu atakuwa upande wa pili, chini kidogo, mahali pa kujificha, na atabaki amekaa. Atalitazama lori. Ataona nguo za rangi zinamjia na hatajua ni nani, kwa maana anaamini hakuna mtu wa kumjia yeye. Usisimame ukingoja akutambue, mwanangu. Mwite. Mwite sogokuru, kwa sauti kubwa, mbele yetu sote.

Baba yako